Nyie wa chumvi ya Epsom, wekeni kijiko chini kwanza

Wiki hii nimetumiwa picha tatu za gardenia, ile miche ya maua meupe ya kunukia, zenye majani ya njano, watu watatu tofauti wasiojuana, na wote wameandika neno lile lile, "nimeshaweka Epsom, niongeze?" Wamesikia chumvi hiyo inarudisha majani kijani. Jamani. Usiongeze. Weka hicho kijiko, sogea huku tuongee.

Nawaandikia nyie mlioanza juzi, mna mche wa kwanza au wa pili, pH mnaijua, kile kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi inazidi, mshasikia gardenia inataka udongo wenye asidi, 5 mpaka 6 hivi. Kujua mnajua. Shida yenu mkiona njano tu mikono inawasha.

1. Angalia njano iko wapi. Ikiwa kwenye majani machanga ya juu na mishipa imebaki kijani kama imechorwa kwa kalamu, hiyo ni kukosa chuma. Ikiwa kwenye majani ya zamani ya chini, njano imeingia katikati ya mishipa na kijani kimebaki kama pembetatu karibu na kikonyo, hapo ndo kukosa magnesi, na ni hapo tu Epsom ina kazi ya kufanya. Jani moja moja la chini likigeuka njano lote likadondoka huku juu anachipua, huo ni uzee, mwacheni azeeke kwa amani.

2. Epsom ni magnesi salfeti, basi. Magnesi kama asilimia 10, salfa kama 13, hamna naitrojeni, hamna chuma. Na haishushi pH! Narudia maana kila mtu anadhani kwa vile ina salfa basi itachachua udongo. Ile salfa imeshakuwa salfeti, haina asidi mpya ya kutengeneza. Inayoshusha pH ni salfa ya unga, ile ya njano, na hiyo nayo inasubiri bakteria wa udongoni waigeuze, unaongelea miezi hapo sio wiki. Epsom wazee waliiita chumvi ya haluli, ilikuwa ya kuendesha tumbo, nawaomba mkiwa mnaimwaga kwa kopo mlikumbuke hilo.

Sasa niwaambie nilivyoua ya kwangu, maana mnadhani nafoka tu.

Nilikuwa na gardenia kwenye chungu, mwaka wa nne huo, inanifika kiunoni, na ilikuwa imebeba matumba 31. Nayajua kwa idadi kwa sababu nilikuwa nayahesabu kila asubuhi kabla hata sijapiga mswaki. Juu ikaanza njano. Majani machanga, mishipa kijani. Mmeona? Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye jani lenyewe, ila mimi nilishasikia kwamba gardenia ukiipa Epsom inarudi kijani, basi macho nikayafunga hapo hapo. Nikakoroga kijiko kikubwa kwenye kopo la maji, nikamwaga. Wiki imepita, hamna kitu. Nikamwaga tena. Wiki ya tatu ncha za majani zikawa kahawia, kavu, kama mtu amezipitisha juu ya mshumaa, na mtu mwenye akili zake angesimama hapo, mimi nikasema loh, huyu ana njaa kweli kweli, nikafanya vijiko viwili, nikaongeza siki kidogo "ya kuchachua", nikafukia na misumari yenye kutu pembeni ili nisije nikalaumiwa kwamba sikujaribu kila kitu.

Matumba yakaanza kudondoka. Yanadondoka bado kijani, yamefumba vile vile, usiku nimelala nasikia to, kimya, to. Asubuhi nayaokota naweka kwenye kisahani. Sijui nilikuwa nayatunzia nini.

Akaja rafiki yangu mmoja aliyenitangulia kwenye mambo haya. Hakuuliza nimeweka nini. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa chungu, kulikuwa na utando mweupe nilikuwa nauona kila siku nadhani ni vumbi, akaniambia lamba. Nikalamba. Uchungu ule nauhisi mpaka leo. Akasema, "Ndicho unachomnywesha." Tukaitoa kwenye chungu, mizizi ya kahawia, ukiushika mmoja ukavuta ngozi inavuka kama soksi unabaki na uzi. Mizizi mizima ilikuwa kona moja chini, kama ngumi ya mtoto.

Na ugonjwa wenyewe ulikuwa nini? Maji. Maji yangu magumu, birika la nyumbani limejaa ukoko mweupe ndani, na mimi mwenyewe kila siku kwa kumwagilia nilikuwa napandisha pH ya kile chungu. Chuma kilikuwemo muda wote, pH ikipanda tu kinafungika mizizi haikipati. Nikaja na Epsom juu yake, chumvi juu ya chumvi, na magnesi ikizidi inagombania mlango na kalsiamu na potasiamu. Tuliisuuza udongo, tukapunguza matawi, tukafanya yote. Haikumaliza miezi miwili.

3. Kwa njano ya kukosa chuma tumia chuma cha keleti, yaani kilichofungwa kwenye kemikali inayokishikilia ili mizizi ikipate. Keleti ziko aina aina: pakiti iliyoandikwa EDTA ni sawa kama pH yako iko chini ya 6.5 hivi, ikizidi hapo tafuta iliyoandikwa EDDHA. Na kinga maji ya mvua.

4. Za jikoni, haraka haraka. Majivu na maganda ya mayai yanapandisha pH, kwa gardenia ni kuipiga teke. Machicha ya kahawa yaliyokwisha kutumika hayana asidi ya maana tena na ukiyalundika juu yanaganda, maji hayapiti, yanaota ukungu, peleka kwenye mboji. Siki inashusha pH kwa muda mfupi, ikiwa kali inaunguza mizizi. Misumari, kutu yake mmea hauiwezi. Kuna mtu aliniuliza chumvi ya mezani je, si zote ni chumvi. Sikumjibu siku ile, nilienda kulala.

5. Matumba kudondoka mara nyingi sio njaa. Ni kumwagilia leo mafuriko kesho ukame, hewa kavu, au kuhamishwa. Mdogo wangu mmoja hapa, kijana mzuri tu, alikuwa anakigeuza chungu kila siku "kipate jua pande zote", na jioni anakiingiza ndani kisipigwe na baridi. Ananiuliza mbona tumba hazifunguki. Ndugu yangu, hata wewe ukihamishwa kitanda mara mbili kwa siku utafunguka?

6. Ukihakikisha ni magnesi kweli inayokosekana, Epsom kijiko kimoja cha chai kwenye lita 4 za maji, mara moja, kwenye udongo ulio na unyevu tayari, halafu mwezi mzima hugusi.

Wakati naandika hapa yule wa picha ya tatu kanijibu. Kashaweka. Vijiko vitatu vikubwa. Haya, usilie, kipeleke chungu bafuni, mwaga maji safi taratibu yapite mpaka chini, kiasi cha chungu chenyewe mara tatu nne, ukiache kichuruzike vizuri, usikikalishe kwenye sahani ya maji. Kesho nipigie picha ya jani la juu kabisa. Jani, sio ua, maua nimeshayaona.