Jibu: vokoda haitoi maneno? Wacha maiki, anza na kibodi

WACHA hiyo geini ya maiki (nguvu ya sauti inayoingia) hapo ilipo! Umeandika uko Langoni, Lamu, una microKORG (sinthi ndogo ya kibodi) ya mtumba, ukiimba kwenye vokoda yake, ile ya kuifanya kibodi iseme maneno yako, maneno hayasikiki, na kuna mtu amekwambia uipandishe maiki mpaka taa iwake nyekundu, na harusi ni Ijumaa. Kaka, usithubutu.

Mimi niliambiwa hayo hayo na fundi mmoja wa mitambo, mdomo mwingi, nikamwamini. Harusi ilikuwa Shela ya Malindi huku kwetu, si hiyo yenu. Kibodi nimeiweka wimbi la sine, laini, tamu kwa taarabu, lakini maneno hamna. Nikaongeza geini, bado. Akasema ongeza rezonansi (ile inayokoleza sehemu moja ya sauti), nikaongeza, akasema ongeza HPF, na ile HPF inapitisha makali ya maiki moja kwa moja, na spika imenielekea, basi maiki ikaisikia spika, spika ikairudishia maiki, ukatoka mlio mmoja mrefu watu wakaziba masikio na twita (vispika vidogo vya sauti nyembamba) za spika za kukodi zikaungua, ukumbi wote ukanuka waya. Malipo yote ya usiku ule yakaenda kwa mwenye spika na deni likabaki. Nampigia fundi ananiambia ati labda maiki ni feki. Maiki yenyewe mpaka leo naiimbia! Mtu hajui, si aseme tu hajui, kwa nini akuunguzie riziki?

Vokoda haipazi sauti yako. Inaigawa sauti ya maiki bendi bendi, yaani mafungu kutoka nzito hadi nyembamba, inapima kila bendi ina nguvu gani, halafu inafungua bendi hizo hizo kwenye sauti ya KIBODI. Kibodi ikiwa haina kitu kule juu, hakuna cha kufunguliwa. Ile "i" yako inataka nguvu kupita hezi 2000 (mitetemo 2000 kwa sekunde), na sine ya katikati ya kibodi ina hezi mia mbili na kitu peke yake, sasa "i" itatoka wapi? Na geini ikizidi maiki inakwaruza, mikwaruzo inajaa bendi zote, zinafunguka pamoja, "a" na "u" huzijui tena.

Homer Dudley wa Bell Labs, Marekani, aliyebuni kitu hiki kwa ajili ya simu miaka ya 1930, aliweka vyanzo viwili: mvumo wenye hamoniki tele (sauti za juu zinazofuatana na noti) kwa irabu, na mlio wa upepo kwa s, f na sh. Vyote viwili viko kwenye hiyo microKORG yako na hakuna hata kimoja kinachokaa kwenye maiki.

Kwa hivyo kibodi kwanza. OSC 1, chanzo cha sauti ya kibodi, weka wimbi la msumeno, ndio ule mvumo wenye hamoniki tele. Kwenye mikisa pandisha noizi, ule mlio wa upepo, kidogo kidogo. Shika kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya chini au ya kati, vidole usinyanyue, useme "sisi", kisha "shusha", kisha "fisi". Ukisikia "ihi", noizi bado. Ukisikia upepo unavuma ndani ya "a", imezidi, rudisha. Noti za juu kabisa usizitumie kwa maneno, hamoniki zake ziko mbalimbali, bendi nyingi zinabaki tupu na irabu zinapotea.

Rezonansi iwe chini. HPF sifuri mpaka noizi ikae sawa, halafu kama s bado ni butu ongeza chembe tu. Geini ya maiki iwe ya mwisho, na taa nyekundu isiwake hata ukipaza sauti.

Fanya leo usiku kwa hedifoni, spika usiziguse. "Sisi" na "shusha" zikisikika, njoo uandike hapa kabla ya Ijumaa. Na huyo wa taa nyekundu mlete pia, nataka aniambie nani atalipa twita.