Tumbili na afya ya uzazi: maswali yenu wiki hii

SWALI: Je, ni kweli tumbili jike huingia hedhini kama mwanamke?

JIBU: Ni kweli, ila si wote. Wanaojulikana zaidi kwa hilo ni jamii za Afrika na Asia. Tumbili wa resusi, ndiye huyo wa Asia anayetumiwa sana maabara, ana mzunguko wa siku 28 hivi. Nyani hufika kama 33. Damu yao mara nyingi ni kidogo, na si rahisi kila mara kuitambua kwa kumtazama tu. Marmoseti wa Amerika Kusini hapati hedhi, na kwa kawaida huzaa pacha.

Mwaka 1940, J. E. Markee wa Marekani alichapisha kazi ambayo hadi leo inanishangaza. Alipandikiza vipande vya utando wa mfuko wa uzazi ndani ya jicho la resusi, nyuma ya konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, akaiona hedhi kwa hadubini ikitokea mbele yake. Utando ulinywea kwanza, kisha vimishipa vya damu vilivyojisokota vikajibana, utando ukakosa damu. Vilipolegea, damu ikachuruzika. Kinachoanzisha yote hayo ni kushuka kwa projesteroni, homoni ya ovari, na kwa mwanamke ni hivyo hivyo.

SWALI: Kwenye utafiti wa hedhi, si wangetumia panya tu badala ya tumbili?

JIBU: Panya wa kawaida wa maabara hana hedhi. Mzunguko wake ni siku 4 au 5, na endometriosisi, ugonjwa wa utando wa mfuko wa uzazi kuota nje ya mfuko huo, haimpati mpaka apandikizwe utando huo. Resusi na nyani huugua wenyewe.

SWALI: Nina endometriosisi. Daktari ananichoma sindano ya kusimamisha hedhi, na nimesikia siri yake iligunduliwa kwa tumbili. Ni kweli?

JIBU: Pole sana, dada, maumivu hayo si mchezo. Kama sindano yako ni leuprolidi au gosrelini, ulichosikia ni kweli kwa sehemu kubwa.

Ubongo hutoa homoni inayoiamuru tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, iamshe ovari. Miaka ya 1970, mwanasayansi Ernst Knobil na wenzake huko Pittsburgh, Marekani, walifanya kazi na resusi ambao ubongo wao haukuweza tena kuitoa. Walipowatilia homoni hiyo dakika 6 kila saa, pituitari ilifanya kazi. Walipoitia mfululizo bila kupumzika, ikazima. Homoni ile ile, kilichobadilika ni mpigo wa kuitia tu, kwa vipindi au mfululizo.

Sindano yako hufanana na homoni hiyo, lakini haikatiki mwilini, kwa hiyo pituitari huacha kuitikia na ovari zinatulia. Kabla ya kuzima huchangamka kwanza. Ndiyo maana siku za mwanzo dalili zinaweza kuzidi. Zikizidi, mwambie daktari, usiache dawa kimya kimya. Dawa za kundi hili huwasaidia pia watoto wanaobalehe mapema mno na wanaume wenye saratani ya tezi dume.

SWALI: Huoni kwamba kuwatumia tumbili hivi ni ukatili?

JIBU: Naona kuna maumivu, na sitayafunika. Tangu 1959, wanasayansi wa Uingereza Russell na Burch walidai njia nyingine zitumike badala ya wanyama inapowezekana, idadi yao ipunguzwe na wapunguziwe mateso. Kwangu hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Seli za binadamu zilizokuzwa maabara zikiweza kulijibu swali, tumbili aachwe.

SWALI: Mwanangu wa kiume hajabalehe na anakaribia kuanza tibakemia, dawa za saratani. Ataweza kuzaa?

JIBU: Pole, mzazi mwenzangu. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliripoti kuzaliwa kwa Grady, resusi jike. Tishu ya korodani ya baba yake ilichukuliwa kabla hajabalehe, ikagandishwa, kisha ikarudishwa chini ya ngozi yake mwenyewe. Alipobalehe, ikatoa mbegu zilizorutubisha mayai.

Kwa watoto wetu hili bado ni jaribio. Kwenye leukemia, saratani ya damu, kuna hofu ya ziada, kwamba tishu inaweza kurudi na seli za saratani. Lakini tishu ni bora ichukuliwe kabla ya matibabu, kwa hiyo muulize daktari wake sasa, kabla ya dozi ya kwanza.