Dada wa Urambo, usijifanye Mtanga

Acha hiyo. Acha kabisa. Unasema hapo Paje, Zanzibar, wanakuita chogo, jina la kuwadharau watu wa bara, usingizi umekata, na sasa unataka kuhama kazi na chumba, ukifika kwengine ujitambulishe kuwa ni wa Tanga, mtu wa pwani kama wao, ili wakuache. Mie ni wa Kasulu, Kigoma, na huo Utanga nimeuishi.

Alinipa akili hiyo jamaa wa kwetu aliyenitangulia Nungwi, mjuaji wa kila kitu. "Kaza lafudhi, sema Tanga, nani atajua?" Alijua mzee wa kwanza tu niliyempelekea chai: "Ngamiani barabara ya ngapi?" Nikajibu ya arobaini, kumbe mtaa huo wa Tanga hauna barabara ya arobaini. Mzee akanitazama, akaendelea na chai yake. Mtu anakufundisha uongo, hata ramani hakupi!

Kuchekwa si kitu. Tabu ni kwamba ukishasema Tanga hupumziki. Mama akipiga simu nilikuwa nakimbilia nyuma ya ngalawa, nanong'ona Kiha kama mwizi. Tumbo likaanza, moyo unakwenda mbio usiku. Jamaa yuleyule akanipeleka kwa mganga, nikaambiwa nina jini la baharini. Jini wa Kigoma atajulia wapi bahari?

Kisha baba akafariki. Ningemwambia nani? Wote nimeshawasimulia baba yuko Tanga, mzima, anavua. Nikaomba ruhusa ya "mambo ya kifamilia", nikapanda boti peke yangu. Na hawahawa wenye midomo yao, ukifiwa wanakuja, wanakaa na wewe, wanachanga mpaka nauli. Niliwaona wakimfanyia mpishi wa Kisukuma ambaye hakuwahi kuficha kwamba ni wa Magu. Mie niliporudi nikaulizwa mbona sikuleta machungwa.

Wenye roho mbaya wapo, sikatai. Bosi akikubagua mlalamikie, Katiba ya Zanzibar ya 1984 inakataza ubaguzi, ibara ya 12. Usingizi nao usiuchezee: nenda Kidongo Chekundu, hospitali ya afya ya akili, mie ndiko nilikoyamwaga yote, na anayekwambia kule ni kwa vichaa muache na ujinga wake. Ila Urambo usiifiche. Wanyamwezi wamechuma karafuu visiwa hivi tangu enzi za Mwingereza, wewe unaona haya ya nini?

Kwa sheha jiandikishe Urambo. Mwenye nyumba akiuliza, Urambo. Na simu ya mama ipokee palepale jikoni, kwa Kinyamwezi, wasikie.