Swali la Lugha: Kuvaa Tutu au Kuvalia Tutu?

Fundi cherehani wa Morogoro ameniandikia hivi: "Mteja aliniletea picha ya mtoto aliyevaa sketi ya neti iliyosimama pande zote, akaniambia inaitwa tutu na anataka binti yake ashonewe kama hiyo. Nimeishona, imependeza, na sasa nataka kuweka tangazo. Je, tutu ni neno la Kiswahili? Ni la ngeli gani? Tangazo langu litasema: 'Mtoto wako atapendeza akivalia tutu yetu.'"

Fundi, maswali yako mawili yana majibu mafupi. La tatu hukuliuliza, umelificha ndani ya tangazo, nalo ndilo lililonifanya niweke kalamu chini na kunywa maji kwanza.

Tutu ni neno la Kifaransa, jina la sketi ya wachezaji wa bale, ile ngoma ya jukwaani ya Ulaya inayochezwa kwenye ncha za vidole. Katika lugha hiyo, cul ni makalio. Watoto hulichezea neno hilo wakasema cucu, na kutoka hapo likazaliwa tutu, ambalo lilikuwa limeshaingia katika maandishi kufikia mwaka 1881. Kwa hiyo neno linalotamkwa leo kwa heshima kubwa katika majumba ya opera lilianza kama utani wa kitoto kuhusu sehemu ambayo sketi hiyo huisitiri kwa shida. Wapo watakaokuambia kwamba limetokana na kujitutumua, kwa kuwa sketi yenyewe hujitutumua kama jogoo aliyekasirika. Usiwasikilize, maana kama sauti kufanana ingekuwa undugu, mtutu wa bunduki nao ungeshonewa marinda. Kuhusu ngeli, liweke katika I-ZI pamoja na sketi, suti na kanzu: tutu hii, tutu hizi. Anayesema matutu simkamati, ila anihakikishie kwanza kwamba hasemi matuta ya viazi.

Sasa tuje kwenye hilo "akivalia".

Sijui ni nani aliyewaambia waandishi wetu wa habari kwamba kitenzi vaa ni cha watoto na kwamba mtu mzima aliyesoma husema valia. Waziri "amevalia" suti nyeusi, majambazi "wamevalia" sare za polisi, bibi harusi "amevalia" shela, na sasa mtoto wa Morogoro naye "atavalia" tutu. Watu hao hao, waziri akirudi nyumbani jioni, hawasemi kwamba "amevulia" suti yake. Kuvua wanakujua vizuri. Ni kuvaa tu ndiko kunakowapa kigugumizi cha usomi. Nao wanajua fika kwamba ukimvulia mtu kofia, kinachotoka kichwani ni kofia, na huyo mtu ndiye anayepewa heshima. Kwa nini basi kanuni hiyo isifanye kazi upande wa pili wa kabati?

Kitenzi vaa kinalifikia vazi chenyewe, bila kusaidiwa: amevaa kofia, amevaa viatu. Watetezi wa "amevalia" huniletea mfano wa "amekalia kiti", wakidhani wamenikamata. Kaa si kitenzi cha aina hiyo. Chenyewe hakikifikii kiti, ndiyo maana tunasema amekaa kitini au amekikalia kiti, na kiambishi cha kutendea hapo kinalipwa mshahara wake kihalali. Wengine hunionyesha ile l ya valia wakisema ni ya asili. Ni kweli, ni ya asili: Wachewa wa Malawi husema kuvala mpaka leo, sisi tuliiangusha njiani, nayo hurudi kitenzi kikinyambuliwa, kama inavyorudi katika zaa na zaliwa, twaa na twaliwa. Lakini kurudi kwa sauti hakuipi valia ruhusa ya kuchukua kazi ya vaa.

Nitumie mfano unaolifaa swali lako. Tarehe 12 Machi 1832, katika Opera ya Paris, mchezaji bale Marie Taglioni alitoka jukwaani katika La Sylphide, bale iliyotungwa na baba yake, Filippo. Mabega yalikuwa wazi, kiuno kimebanwa, na sketi nyeupe ya vitambaa vyepesi ilishuka kama kengele hadi chini ya magoti, ili akisimama kwenye ncha za vidole aonekane kama kiumbe asiyeigusa sakafu. Hapo ndipo wanahistoria wa bale huanzia wanapoisimulia tutu. Sasa andika: "Taglioni alivaa sketi nyeupe." Msomaji anaiona sketi. Andika tena: "Taglioni alivalia sketi nyeupe." Mimi, nikiisoma kwa haki, nabaki nikiuliza: aliivalia nini? Sketi ilikuwa na harusi, naye akaivalia gauni ili kuisindikiza? Au aliivalia njuga, kama mtu anavyolivalia njuga jambo lililomkera? Huu wa njuga ndio mfano ambao ungetosha kuumaliza ubishi. Njuga hufungwa miguuni na mchezaji ngoma, na anayelivalia jambo njuga amezivaa njuga kwa ajili ya jambo hilo. Vitu viwili vipo, njuga na jambo, na kila kimoja kina nafasi yake katika sentensi. Kwa Taglioni kuna kitu kimoja tu, sketi, na kiambishi kinazurura jukwaani bila kazi. Kama ni lazima umpe valia, mpe mahali: aliivaa sketi yake katika chumba cha kuvalia. Hapo sina neno.

Kinachonichekesha, fundi, ni kwamba historia ya vazi hili ni historia ya kupunguza. Kabla ya Taglioni, katika karne ya 18 huko huko Paris, mchezaji Marie Camargo aliupandisha upindo wa sketi yake ili watazamaji waione kazi ya miguu. Baada ya Taglioni, katika miaka ya 1880, mchezaji wa Kitaliano Virginia Zucchi alikwenda St. Petersburg, Urusi, na sketi fupi kuliko zilizozoeleka huko. Mwaka 1895, katika mji huo huo, Pierina Legnani alijizungusha mara 32 juu ya mguu mmoja katika bale ya ziwa la mabata maji, na nguo fupi ilimruhusu anayetaka kuhesabu ahesabu. Mwaka 1950, huko New York, Barbara Karinska, fundi mwenzako, aliwashonea wachezaji wa mtunzi wa bale George Balanchine tutu isiyo na waya wa kuisimamisha, yenye matabaka mafupi yaliyoshikizwa kwa mishono milegevu, hata ikafanana na kile kisponji cha kupakia poda. Kila kizazi kilikata kitambaa ili mguu uonekane, na nadhani ndiyo sababu vazi hili halijachakaa: juu linajifanya wingu, chini linatuonyesha misuli inayotaabika kulibeba wingu hilo. Watoto wa Kibera wanaojifunza bale wanalijua hilo kuliko mimi. Nasi, tuliopewa kitenzi cha silabi mbili kinachoonyesha miguu yake yote, tumekaa kukishonea marinda!

Na kuna habari ambazo marinda hayo huzitia aibu. Novemba 1862, katika mazoezi kwenye Opera ya Paris, sketi ya Emma Livry, mwanafunzi wa Taglioni, ilishika moto kutoka kwenye taa ya gesi. Dawa ya kuzuia kitambaa kisishike moto ilikuwapo, lakini ilikifanya kiwe kigumu na kupoteza weupe wake, naye alikuwa ameikataa. Aliteseka kwa majeraha miezi minane, akafa Julai 1863, akiwa na umri wa miaka 20. Alivaa sketi isiyotiwa dawa. Jaribu kuiandika sentensi hiyo kwa "alivalia" uone inavyogeuka kuwa habari ya maonyesho ya mitindo.

Najua vita hivi nitashindwa. Nimeshaanza kuwasamehe wanaosema "amevalia kikazi", maana hapo hakuna vazi linalotajwa, na kitenzi kinaeleza namna tu. Watangazaji wa runinga nimewaacha, kwa sababu daktari amenishauri nipunguze chumvi na hasira. Lakini wiki iliyopita mjukuu wangu wa miaka mitano alikuja mbio akiwa na sketi ya neti ya waridi, lastiki ikimbana tumbo, akasema: "Babu, nimevaa tutu!" Hakuna aliyemfundisha. Nikampa shilingi elfu moja, mama yake akanilaumu kwa kumdekeza.

Kwa hiyo, fundi, andika: "Mtoto wako atapendeza akivaa tutu yetu." Wateja wasiolijua neno waongezee mstari wa chini, "sketi ya neti", kwa kuwa ndivyo watakavyoiulizia sokoni. Na kama kuna kile chumba chenye pazia ambamo watoto hujaribishia nguo, bandika kibao: "Chumba cha Kuvalia." Nikipita Morogoro nitasimama nikipige picha.