The Gods Must Be Crazy kibandani: wapi utafsiri, wapi unyamaze

Aliyeuliza kama The Gods Must Be Crazy bado itachekesha ikionyeshwa kwenye kibanda cha video Arua, Uganda, kwa VJ wa Kiswahili, yaani mtu anayeitafsiri filamu kwa maiki inapoendelea: itachekesha, ila usiitafsiri kama filamu ya ngumi.

Kazi hii ya Jamie Uys ya mwaka 1980 tayari ina VJ wake. Ni msimulizi anayejifanya mtaalamu, na utani wa mwanzo umo katika utulivu wake. Chupa ya Coca-Cola inadondoka kutoka ndegeni, ukoo wa Xi, Msan wa jangwa la Kalahari, unaanza kuigombania, naye msimulizi anaongea kama msoma taarifa ya habari. Ukipiga kelele za mtangazaji wa mpira, umeua utani. Sema kwa sauti kavu, polepole.

Msimulizi na milio ya vituko vimo kwenye sauti moja, kwa hiyo huwezi kumzima yeye peke yake. Akianza kuongea, shusha sauti ya filamu kwenye miksa hadi kama robo. Akinyamaza, ipandishe mara moja. Wengi huisahau chini, na ile Land Rover mbovu ya Steyn, mwanasayansi wa filamuni, inabaki bubu wakati ndiyo mwigizaji bora humo ndani.

Gari hilo halina breki. Steyn akishuka kufungua geti, linaondoka bila dereva. Hapo zima maiki kabisa. Mtu anacheka kwa kukisia kitakachofuata. Ukimtangulia kwa maneno umemnyang'anya kicheko chake. Fanya vivyo hivyo winchi inapolipandisha gari juu ya mti. Kifaru ni kinyume: usipotafsiri kwamba Steyn anamweleza mwalimu Kate kuwa kifaru ndiye aliyezima moto, na Kate haamini, watu wataona mnyama anakanyaga majivu tu.

Zile mbio za harakaharaka si ubovu wa nakala. Kamera ilipiga fremu, yaani picha moja moja, chache kuliko 24 kwa sekunde, kisha zikaonyeshwa kwa kasi ya kawaida. Zima kile kipengele cha runinga kinacholainisha mwendo, maana kinaziharibu. Tafuta pia nakala ya picha pana. Zile za kanda za zamani zilikatwa pembeni ili zijaze skrini ya mraba, na kituko mara nyingi kiko pembeni.

Kilichochakaa ni mambo mawili. Kwanza, Wasan wanaonyeshwa kama watu wasiojua lolote la dunia. Filamu ilitengenezwa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na N!xau, aliyeigiza Xi, alitoka Namibia, ambako Wasan walishajua maduka na jeshi. Usiongeze chumvi hapo, na usiigize milio ya ulimi wao. Ni utani rahisi mno. Pili, waasi wa filamuni wanaoongozwa na Sam Boga wanamteka Kate na watoto wa shule. Arua labda patapita, lakini ukiipeleka Gulu, Kitgum au Lira, kaskazini mwa Uganda, humo ukumbini watakuwemo waliotekwa kweli na waasi wa LRA wakiwa watoto. Acha mzaha wote kuhusu watoto, watu wacheke tu jinsi waasi wenyewe wanavyovurunda.

Mwisho, kagua faili kabla hujatangaza bei. Sehemu ya pili ya 1989 huuzwa kwa jina hilohilo, na N!xau alicheza baadaye katika filamu za Hong Kong zinazochanganywa nayo. Ya kwanza inachukua dakika 109 hivi, na chupa inaonekana mapema kabisa.