Mkono wa fistula umevimba, ultrasaundi inasema hakuna donge la damu

Umeuliza kama mgonjwa wa dialisisi (kusafishwa damu kwa mashine) aendelee tu na mashine, kwa kuwa mkono wa fistula (ateri, mshipa utoao damu moyoni, iliyounganishwa na vena, mshipa urudishao damu moyoni, ili mashine ipate damu) umevimba hadi begani lakini ultrasaundi haikuona donge. Ningerudia kipimo. Kabla ya hapo ningemuuliza kama aliwahi kuwekewa katheta (mrija wa kuingizwa mshipani) ya shingoni au ya chini ya mtulinga upande huohuo.

Kipimo ni cha kubonyeza. Alale chali, maana akikaa vena za shingo hunywea. Tumia probu (kichwa cha ultrasaundi kinachowekwa kwenye ngozi) bapa ya MHz 7 hadi 12, jeli tele, na uutazame mshipa kwenye skrini kwa upana wake, si kwa urefu. Bonyeza kila baada ya sentimita 1 au 2, kiwiko hadi kwapani, kisha jugula, vena kubwa ya shingoni. Vena nzima hubonyea mpaka kuta zigusane. Yenye donge hukataa. Ukiliona, acha kubonyeza hapo, usije ukalimegua. Usidanganywe na weusi wa kwenye skrini: donge bichi laweza kuwa jeusi kama damu inayotembea, la zamani ndilo hung'aa na vena yake kusinyaa. Penye katheta, ile mistari miwili inayong'aa ni mrija, na kwa sababu yake vena haitabonyea yote hata isipokuwa na donge.

Shida iko chini ya mtulinga, mfupa haukuachii kubonyeza. Hapo ni Dopla, ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu. Shusha skeli ya kasi. Ikiwa juu, damu ya polepole haitaonekana nawe utaandika "imeziba" bure. Mwambie anuse kwa nguvu: vena iliyo wazi hunywea. Kwa kawaida wimbi la mwendo wa damu hufuata pumzi na mapigo ya moyo. Likiwa tambarare, shuku kizuizi kifuani. Ila fistula huleta damu ya ateri venani na kulivuruga wimbi, kwa hiyo pima mikono yote miwili, na tofauti hiyo uisome kwa tahadhari.

Binafsi, kwa maelezo yako, nashuku zaidi vena iliyopungua upana kifuani kwa kovu la katheta ya zamani. Mkono huvimba bila donge lolote, na dawa za kuzuia damu kuganda haziupanui mshipa. D-dimer, kipimo cha damu cha mabaki ya donge, nayo haisaidii sana, mara nyingi huwa juu kwa wagonjwa wa dialisisi. Kinachofuata ni venografia (eksirei ya vena zilizodungwa dawa ya kuonekana), na kovu likionekana hupanuliwa kwa puto papo hapo. Akivimba uso au akikosa pumzi, ni dharura, apelekwe leo.

Kwenye fomu andika: upande wa fistula, katheta zote za zamani, na "naomba wimbi la vena ya chini ya mtulinga, pande zote mbili".