Muulize Fundi: SUV ipi haitakumaliza ukikaa nayo miaka mitano?

Maswali mengi yaliyoingia mwezi huu ni ya hizi gari za juu, na karibu wote mnauliza bei ya kununua tu. Nimechagua manne ambayo yanagusa kinachokuja baada ya kununua, maana huko ndo watu wanaumia.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina watoto watatu, nakaa Mbezi Beach na kazi yangu iko Posta, Dar. Nina milioni 32 na nataka gari ya kukaa nayo miaka 5 bila kubadilisha badilisha. Kaka yangu anasema Toyota Vanguard, mume wangu anaipenda Subaru Forester, halafu kuna mtu ananiuzia Nissan X-Trail ya 2010, safi kabisa haijaguswa, kwa milioni 26. Hiyo milioni 6 inayobaki naiona kubwa sana. Kwa mwaka natembea kama kilomita 20,000. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba dada yangu. Milioni 6 ni hela kweli ila usiipangie matumizi bado. Gari ukikaa nayo muda mrefu inakula mafuta, inakula matengenezo, inakula bima, halafu kuna ile hela inayopotea siku unaiuza, na hiyo ya mwisho ndo watu hawaihesabu kabisa.

Tuanze na mafuta. Hiyo X-Trail ni bodi ya T31, injini ya cc 2,000, na Vanguard hizi nyingi zina injini ya 2AZ ya cc 2,400. Kwa foleni ya Mwenge na Morocco asubuhi na jioni tuseme Vanguard inakupa kilomita 9 kwa lita na X-Trail inakupa 11, na ili hesabu iwe rahisi tuweke petroli 3,000 kwa lita. Kilomita 20,000 Vanguard inakunywa kama milioni 6.7 kwa mwaka na X-Trail kama milioni 5.5. Kwa miaka 5 tofauti ni milioni 6 hivi, X-Trail iko mbele. Sasa hapo mtu anachukua milioni 6 ya bei anajumlisha na milioni 6 ya mafuta anasema nimeokoa 12, na hapo ndo anapopotea, kwa sababu bei uliyonunulia sio gharama, gharama ni bei uliyonunulia ukitoa bei utakayouzia. Tuseme Vanguard umenunua 32 ukaja kuuza 22, imekula 10. X-Trail umenunua 26 ukauza 13, maana X-Trail iliyozeeka wateja wake wanaiogopa na wanakukamua bei, imekula 13. Ukiweka na mafuta, X-Trail imebaki mbele kwa milioni 3 tu ndani ya miaka yote 5. Hizo bei za kuuzia nimezikadiria, wewe weka zako kwa kuangalia gari za umri huo zinauzwaje leo, ila njia ya kupiga hesabu ni hiyo hiyo.

Na hiyo milioni 3 inategemea gia boksi. T31 inatumia CVT, ile gia boksi ya mkanda wa chuma, na haipendi joto wala oili iliyozeeka. Nissan wenyewe kule Marekani ilibidi waongeze waranti ya CVT za gari zao za 2003 mpaka 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000, kampuni haifanyi hivyo kwa kupenda. Huku kwetu gari inakaa foleni saa nzima kwenye jua, oili ya gia haijawahi kubadilishwa tangu itoke Japan kwa sababu kuna mtu alimwambia mwenye gari kwamba haibadilishwi, au mbaya zaidi fundi kaweka ATF, oili ya gia boksi otomatiki za kawaida, badala ya NS-2, oili ya CVT ya Nissan. Ikianza kufa inatetemeka ukiwa unaondoka taratibu, halafu ikipata moto inakosa nguvu, ukikanyaga injini inapiga kelele gari haiendi. Gia boksi used pamoja na ufundi na oili yake inameza hiyo milioni 3 karibu yote, na used nayo hujui imetoka kwenye gari ya namna gani.

Lakini sikuambii ukimbilie Vanguard ukiwa umefumba macho. Vanguard nayo ya cc 2,400 ina CVT, watu wengi hawajui, inavumilia zaidi ila nayo inataka oili yake. Na hiyo injini ya 2AZ, hasa zilizotengenezwa 2006 mpaka 2009, ina ugonjwa wake, ringi za pistoni za kukwangua oili zinaziba na injini inaanza kuchoma oili kimya kimya. Toyota kule Marekani walikubali kutengeneza zile zilizokuwa zinakula karibu lita 1 kwa kilomita 1,900. Kuna wanaotembea hivyo hivyo bila kujua, hawafungui boneti mpaka sevisi, na siku taa nyekundu ya oili inawaka injini ishagonga.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela fanya hivi. Mwambie muuzaji asiwashe gari asubuhi hiyo mpaka ufike. Chomoa kijiti cha oili mwenyewe, futa, chovya tena, angalia imefika wapi na rangi yake. Washa, acha ipate moto kabisa, mwache mtu mwingine akanyage mpaka rpm 3,000 (mizunguko ya injini kwa dakika) halafu aachie na kukanyaga tena wewe ukiwa nyuma unaangalia egzosti. Moshi wa bluu ukitoka pale anapokanyaga mara ya pili achana nayo. Pitisha na kidole ndani ya bomba la egzosti likishapoa, masizi makavu ni kawaida ila yakiwa na utelezi wa oili hiyo gari inakula.

Forester sasa, na shemeji asinichukie. Ni gari nzuri, imetulia barabarani kuliko hizo mbili, ila uangalie mwaka. Bodi ya SH ya kuanzia mwisho wa 2010 ina injini ya FB20 yenye taimingi cheni na gia boksi ya kawaida ya gia 4, na hiyo ndo ningekushauri. Ya kabla ya hapo ina EJ20 yenye taimingi belti, inabadilishwa kila kilomita 100,000 pamoja na rola zake na wota pampu, ikikatika unatembea valvu zinapinda na hedi inashuka. Halafu kuna gharama ambayo hakuna anayekuambia: hiyo gari inavuta miguu yote minne muda wote, kwa hiyo tairi zinatakiwa ziwe saizi moja na zimelika sawa. Umepata pancha mbaya huwezi kununua tairi moja ya aina yoyote ukafunga, utaua klachi ya kugawa nguvu nyuma. Tairi unanunua nne.

Uamuzi wangu dada: Vanguard iliyofaulu huo mtihani wa oili, ya 2010 kwenda juu. Isipopatikana chukua Forester ya 2011 au 2012, kama una fundi wa Subaru anayejulikana karibu. X-Trail iwe ya tatu, na muuzaji akuonyeshe risiti za oili ya gia, na ile milioni 6 uiweke benki isiguswe.

SWALI: Mambo vipi fundi. Nalima Karatu na barabara zetu unazijua. Nimeona Prado ya dizeli cc 3,000 ya 2008 na Discovery 3 ya mwaka huo huo, dizeli pia, Discovery ina viti vizuri na iko chini sana kwa bei. Kwa nini watu wananicheka nikiitaja?

JIBU: Poa kaka. Wasikucheke, Discovery 3 kwa kazi yenyewe ni gari hodari, kwenye tope na mawe inapita pabaya kweli kweli, na ukiikalia safari ya Karatu mpaka Arusha unashuka huna uchovu. Tatizo ni kuimiliki. Inasimama kwa upepo, yale mabegi ya hewa badala ya springi, yakianza kuvuja kompresa inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua na asubuhi unaikuta gari imelala. Injini yake ya V6 cc 2,700 ina historia ya krankishafti kukatika, na hiyo ikitokea hutengenezi, unatafuta injini nyingine. Ina belti mbele na ndogo ya pampu ya dizeli nyuma. Na nafasi ilivyobana, kazi kama ya tabo (turbo) mafundi wengi wanainua bodi yote kutoka kwenye chesisi ndo wafike, sasa fikiria hiyo kazi uifanyie Karatu. Bei iko chini kwa sababu waliokuwa nayo wameshalipa na wamechoka.

Prado yako ina injini ya 1KD, na hii nitaisemea kwa kirefu kidogo maana watu wanainunua wakidhani Toyota haifi. Inakufa, na inakufa kwa kitu kidogo sana. Chini ya kila injekta, kile kinachopuliza dizeli ndani ya silinda, kuna washa ya kopa, ikichoka moshi wa ndani ya silinda unapenya unaingia kwenye oili, oili inageuka uji mweusi, ule uji unakwenda kuziba chujio la pampu ya oili kule chini kwenye sampu, lile bakuli la oili. Injini inakosa oili huku kijiti kinakuonyesha imejaa. Kwa hiyo ukiinunua usimalizie kubadilisha oili tu, mwambie fundi ashushe ile sampu ndogo ya chini amulike tochi kwenye chujio, ni kazi ya nusu siku, na wakati huo huo injekta zitolewe zipimwe na washa mpya zifungwe. Ukiisikia asubuhi ya baridi inagonga kakakaka na kutoa moshi mweupe ikiwa imesimama, injekta hizo, usikubali kuambiwa dizeli zote ziko hivyo. Injekta iliyovujisha ikiachwa inatoboa au kupasua pistoni. Na taa ya T-BELT ikiwaka kwenye dashibodi belti ibadilishwe kweli, sio izimwe, kuna watu wanazima taa tu kumuuzia mwenzao.

Ukiitunza hivyo Prado utaitumia na bado utaiuza kwa hela ya maana, spea zipo Arusha na kila fundi wa dizeli anaijua. Kama hutembei kilomita nyingi na mzigo sio mzito, tafuta ile ya petroli cc 2,700. Haina nguvu sana na inakunywa, ila ina cheni, haina tabo wala injekta za bei mbaya, injini yake unaisahau.

SWALI: Habari fundi, nakusoma kutoka Nakuru. Nimepata Mazda CX-5 ya dizeli ya 2015 iliyotumika hapa Kenya na mtu mmoja. Inabeba vizuri na inatumia mafuta kidogo sana. Mimi gari ni ya kupeleka watoto shule na kwenda kazini, kama kilomita 6 kila upande. Kuna shida?

JIBU: Ndugu yangu shida sio gari, shida ni hizo kilomita 6. Dizeli hiyo ina chujio la masizi kwenye egzosti, DPF, na linajisafisha kwa kuyachoma, ambapo injini inamwaga dizeli ya ziada ili joto lipande. Ili imalize inahitaji mwendo wa kutulia wa dakika kadhaa, kama vile Nakuru kwenda Naivasha. Safari fupi unaizima katikati, inaanza upya kesho, unaizima tena, na ile dizeli ya ziada inateremka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili cha hiyo gari utaona juu ya alama ya kujaa kuna herufi X. Mazda wameiweka makusudi, oili ikipanda mpaka hapo ujue imechanganyika na dizeli na inatakiwa kumwagwa hata kama kilomita za sevisi hazijafika. Gari ambayo oili inaongezeka badala ya kupungua watu wanafurahi, kumbe ni nyembamba kama maji na inakula beringi na tabo.

Mafuta yenyewe sio ya kulaumu sana, Afrika Mashariki ilihamia dizeli ya salfa kidogo, ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni), tangu Januari 2015. Ni matumizi. Kwa safari zako tafuta CX-5 hiyo hiyo ya petroli cc 2,000, ina gia boksi ya kawaida ya gia 6 na ni moja ya gari ninazozipa heshima kubwa, au Honda CR-V. Spea za Honda utalipa zaidi kidogo ya Toyota lakini utazinunua mara chache.

SWALI: Fundi shikamoo, niko Mwanza. Niagize Japan SUV ya 2012 au ninunue iliyopo hapa nchini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kodi ndo itakuamulia. TRA, mamlaka ya mapato Tanzania, wanatoza ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, zaidi ya cc 1,000 mpaka 2,000 ni asilimia 5 na zaidi ya 2,000 ni asilimia 10, halafu kuna wa uchakavu, gari ya miaka 8 mpaka 10 asilimia 15 na iliyozidi 10 asilimia 30. Ya 2012 ishaingia kwenye 30, na hiyo hela huirudishi ukiuza. Kama bajeti inaruhusu agiza ambayo haijafika miaka 8 yenye cc 2,000, ukishindwa nunua ya hapa ambayo mwenzako ameshailipia hiyo kodi, ila uingie uvunguni ukague kutu na bushi. Kabla hujatuma hela Japan ingiza gari yenyewe kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni, maana wanatumia thamani yao wenyewe, sio bei uliyoandikiwa kwenye ankara.